Chai Iliingia Korokoroni, Dawa Haikuingia: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya na Usalama, Mombasa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya afya na wenye dhamana ya usalama katika Kaunti ya Mombasa.

MINT: WAGONJWA WA METHADONI (DAWA YA WALIOZOEA HEROINI) WANAOFUNGIWA KITUO CHA POLISI BILA DAWA YAO

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni muuza mahamri na mbaazi huku Majengo. Meza yangu huwa tayari watu wakitoka kuswali alfajiri. Lugha ya ofisini siijui sana, kwa hivyo mtanisamehe pale nitakaposema nanyi kama nisemavyo na wateja wangu.

Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi wa Februari, karani akaigonga muhuri wa kupokelewa na kunirudishia nakala. Nilipofuatilia niliambiwa jambo hili si lao, nikaandika ya pili kwa ofisi niliyoelekezwa. Nako nikaambiwa si lao. Mara ya tatu nilisimama barazani nikalisema kwa mdomo. Nikapigiwa makofi, tukagawiwa soda, kila mtu akaenda kwake. Ndiyo sababu leo naandika mbele za watu.

Ninaye mdogo wangu wa tumbo moja, ana miaka 27. Alianza na bangi maskani akiwa kidato cha pili. Kutoka hapo akaingia kwenye kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga (heroini), na siku alipokosa bangi ya kuchanganyia ndipo alipojua kwamba kumbe kilichokuwa kikimwita ni unga wenyewe. Miaka sita amekula unga, mitatu ya mwisho kwa sindano. Shule ilikwisha, mchumba akaondoka, na vijiko vya nyumbani vyote vikawa vyeusi kwa chini kwa kuchemshiwa unga. Mimi ninaishi kwa unga wa ngano, lakini ilifika mahali mama yetu alikuwa akisikia nikisema "unga umeisha" anashtuka na kushika kifua. Nikaanza kusema "ngano". Mpaka leo, marehemu mama hayupo, na bado nasema "ngano".

Sitamsafisha. Alinichomolea mtungi wa gesi mahamri yakiwa karaini. Nilitoka uani mara moja tu, niliporudi nikakuta mafuta yametulia, moto hakuna, mtungi hakuna, na jirani ananiambia amemwona akikimbia nao kuelekea barabarani. Kwa hivyo anayetaka kunijibu kwamba mateja, yaani wala unga, ni wezi asijisumbue. Mimi ndiye niliyeibiwa.

Halafu akaanza methadoni. Nimegundua kwamba wengi wanaotoa amri juu ya vijana hawa hawajui dawa hii inavyokwenda, basi nivumilieni niieleze. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, na Mombasa tukaipata 2017. Si kidonge cha kutia mfukoni. Ni dawa ya maji, kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mgonjwa huenda kliniki kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Huonyesha kadi, hupimiwa kipimo chake mwenyewe, huinywa pale pale dirishani akitazamwa, hushushia na maji, kisha hutakiwa aseme neno lolote ili ionekane amemeza, hakuificha shavuni. Mdogo wangu husema "shukran". Dozi moja humshika kutwa kucha. Akishainywa hana arosto, yale mateso ya kukosa unga, hana haja ya kete ya unga, hana haja na mtungi wangu. Hutoka pale akaenda soko la Kongowea kubeba magunia ya vitunguu, na jioni huniletea shilingi 200 za ngano. Alikwenda hivyo miezi 14 bila kukosa siku hata moja.

Sasa malalamiko yangu, Waheshimiwa, ni haya.

1. Mgonjwa akikamatwa, matibabu yake hukatwa.

Ijumaa moja baada ya Magharibi gari la polisi lilishuka maskani ya mtaani kwetu likabeba kila aliyekuwepo. Mdogo wangu alikuwepo. Sitaficha hilo pia, alikuwa amekaa na wenzake wa zamani, ingawa hakukutwa na kitu. Saa mbili usiku nilikuwa kituoni na kadi yake ya kliniki mkononi. Afande wa zamu alikuwa mtu mpole, siwezi kumsingizia. Aliitazama kadi mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia: "Mama, hapa si hospitali." Nikamwomba basi kesho asubuhi wampeleke akanywe, hata kwa pingu, wamrudishe. Akasema hana gari wala askari wa kumsindikiza.

Jumamosi nilirudi na chai ya rangi na mahamri manne. Chai iliingia. Mahamri yalimegwamegwa kuangaliwa kama yana kitu ndani, nayo yakaingia. Dawa pekee ndiyo haikuwa na njia ya kuingia, na haikuwa yangu mimi ya kubeba.

Jumapili nilimsikia kabla ya kumwona. Anayejua arosto anaijua, na asiyeijua afikirie malaria na kipindupindu vimekutana katika mwili mmoja usioweza kulala. Makamasi, miayo isiyokwisha, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, miguu inajirusha yenyewe. Alikuwa akiharia ndoo mbele ya wanaume kumi. Wenzake walimsogeza pembeni, wakampisha nafasi, na mmoja wao akavua fulana yake akamfunika. Mateja hao hao.

Jumatatu alasiri aliachiliwa bila kushtakiwa. Nasema tena: bila kushtakiwa. Muda huo dirisha la dawa limeshafungwa. Kutoka kituoni mpaka nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu, naye alifika usiku wa manane, macho yamelegea, haniangalii usoni. Kliniki hufunga saa nane, pusha, yaani muuza unga, hafungi.

Kliniki alirudi baada ya siku tisa. Mkishakosa kuelewa yote, lieleweni hili moja: akikosa siku kama hizo, daktari hawezi kumrudishia kipimo chake cha zamani, kwa sababu mwili umekisahau na kinaweza kumuua. Huanzishwa tena chini, apandishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na wiki zote hizo dawa haimtoshi, na maskani iko pale pale. Ilimchukua miezi minne kurudi alipokuwa ile Ijumaa asubuhi. Miezi minne kwa ajili ya siku tatu za bure.

2. Wengine hawarudi.

Katika seli ile alikuwemo kijana mwingine wa mtaa wa pili. Huyu hakuwa kwenye methadoni, alikuwa bado anasema ataanza. Yeye alikaa siku tano. Alipotoka alijipiga kipimo alichokizoea, kile kile cha kila siku, ila mwili wa siku tano bila unga si ule ulioingia. Waliokuwa naye kwenye jengo ambalo halijaisha kujengwa walimsikia akikoroma kwa nguvu, wakacheka kwamba leo kalala usingizi wa tajiri. Kukoroma kule ndiko kukata roho. Kulipokucha midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tulimzika Kikowani kabla ya Alasiri, na mamake alikuwa akituuliza sote, mmoja mmoja, kama kuna aliyemwona akipita.

Dawa ya kumrudisha mtu wa namna hiyo ipo. Inaitwa naloksoni, hupigwa sindano au hupuliziwa puani, na pumzi hurudi kwa dakika chache. Pale penye jengo lile haikuwepo, na kituoni alikotoka hakuna aliyemwambia maneno mawili tu: kipimo chako cha zamani kitakuua.

3. Misako ya Ijumaa.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Aliyeandika hivyo alitaka kutulinda. Lakini mtu akikamatwa Ijumaa jioni, saa 24 hugeuka kuwa mpaka Jumatatu, au Jumanne ikiwa kuna sikukuu. Mimi si wakili, ni mtu wa kuhesabu mahamri, na nimehesabu: misako minne niliyoiona mtaani kwetu mwaka huu, mitatu ilikuwa Ijumaa. Kama ni bahati mbaya, basi ni bahati mbaya inayojua kalenda. Na tunaambiwa dhamana ya polisi ni bure. Ni bure kwa mwenye simu ya kumpigia mtu.

4. Wasichana.

Hapa nitasema machache kwa sababu mengine si yangu kuyasema. Dirishani pale kliniki wanaume ni wengi kuliko wanawake, si kwa kuwa wasichana hawali unga. Wanaogopa kuonekana, na wenye watoto wanaogopa kunyang'anywa. Akikamatwa msichana ndipo mtaa mzima unapojua, na baada ya hapo kliniki hendi tena.

5. Kelele zote za muguka, na kimya cha unga.

Mwezi Mei 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, mimi nilifurahi. Nina mteja wa miaka 15 ambaye shavu lake limejaa jaba (majani hayo hayo) na ubani wa bigijii saa moja asubuhi, anakwenda shule hivyo hivyo. Kabla ya wiki kwisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku, na tukakumbushwa kutoka juu kwamba muguka ni zao halali la mkulima. Sawa. Lakini mliona nguvu iliyotoka pale? Wanasheria, mikutano, magari kizuizini, kila mwanasiasa ana neno. Sijawahi kuona hata nusu ya nguvu hiyo ikitumika kwa ajili ya unga. Muguka una ushuru na una wapiga kura. Unga una mateja.

Na msiniambie hatujui unatoka wapi. Mwaka 2014 peke yake tuliona ya kutosha. Aprili, manowari ya Australia ilikamata jahazi katika bahari hii yetu likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini chini ya mifuko ya saruji. Agosti, meli iliyokutwa na heroini ikalipuliwa baharini, rais mwenyewe akitazama. Novemba, ndugu wawili wauzaji wakubwa wa unga, Baktash na Ibrahim Akasha, wakakamatwa hapa hapa Mombasa. Hao walihukumiwa kweli, lakini New York: Baktash miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Wakubwa wetu huhukumiwa ng'ambo. Seli za hapa tumewaachia wanaojikuna.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu baadhi nimeshapewa.

Mtasema polisi ni wa serikali kuu na afya ni ya kaunti. Ni kweli, ndivyo Katiba ilivyogawa. Lakini mdogo wangu hakugawanywa. Ana tumbo moja linalouma, na lilikuwa likiuma katikati ya ofisi mbili zinazotazamana na kila moja inaonyesha kidole kwa mwenzake. Wakati wa korona mlikaa meza moja. Siku za sherehe na mabango mnakaa hema moja.

Mtasema dawa ikitolewa nje ya kliniki itauzwa. Hofu hiyo naikubali, nimeishi na mwizi. Ndiyo maana siombi nipewe mimi, wala apewe askari. Naomba aje muuguzi, au apelekwe mgonjwa.

Mtasema hakuna pesa. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025 sote tulitetemeka, na hapo ndipo tulipojua jinsi afya ya watoto wetu ilivyoning'inia kwenye kamba ya watu wengine. Hilo ni jambo zito, silipuuzi. Lakini kikombe ninachokiomba kipo tayari. Kimeshanunuliwa, kimeshapimwa, kiko dirishani asubuhi ile ile na jina la mgonjwa, na mgonjwa yuko kilomita chache tu kutoka hapo nyuma ya vyuma. Gharama yake ni mafuta ya gari.

Na kuna atakayesema, kwa sauti ya chini, kwamba hawa wamejitakia. Mimi mwenyewe nimewahi kusema, usiku ule wa mtungi. Ila Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014, inayompa aliyefungiwa haki ya kutibiwa, haikuuliza nani kajitakia, na mgonjwa wa sukari akikamatwa hatumwulizi soda alizokunywa.

Kwa hivyo ninaomba, kwa heshima na bila kuzunguka:

(a) Kila kituo cha polisi Mombasa kiulize kila anayeingizwa seli kama yuko kwenye methadoni, kiandike kwenye OB (daftari la matukio la kituo), na kiipigie kliniki simu usiku huo huo. Kadi ina namba.

(b) Kila asubuhi, wikendi zikiwemo, ama muuguzi apeleke dozi kituoni inywewe mbele yake, ama mgonjwa asindikizwe kliniki na kurudishwa. Mchague moja, mtie sahihi ofisi zote mbili.

(c) Mgonjwa mwenye kadi ambaye hakukutwa na kitu wala hana mlalamikaji apewe dhamana ya polisi usiku huo huo, asingoje Jumatatu.

(d) Naloksoni iwepo vituoni na mikononi mwa wale vijana wanaozunguka maskani kubadilisha sindano, wafundishwe kuitumia. Na yeyote anayetoka seli aambiwe habari ya kipimo, kwa maneno yale mawili niliyoyaandika juu.

(e) Nijibiwe kwa maandishi. "Tunalifanyia kazi" nimeshaisikia barazani. Nataka jina la ofisi, tarehe na muhuri, kama nilivyogongewa mimi.

Nakala ya kadi ya mdogo wangu nimeitoa mara tatu. Moja iko kwa mwenye duka mkabala na kituo, moja kwa imamu wetu, moja iko kwenye kopo la hiliki mezani pangu. Leo ni siku ya 61 tangu arudi kwenye kipimo chake cha zamani. Asubuhi amepita, amekula mahamri mawili akiwa amesimama, ameniambia "dada, nakwenda", na mpaka jioni sitapumua vizuri, kwa kuwa leo ni Ijumaa.

Mkimtuma mtu na jibu, nipo mezani kila siku mpaka saa tatu asubuhi. Aulize muuza mahamri wa Majengo mwenye meza ya buluu.

Wenu mwaminifu,

Dada wa mgonjwa,
Majengo, Mombasa.